Kuendesha trekta Uganda: ijue klachi kabla ya kufunga slasha

Ndugu mnaotoka Tanzania kuja kuendesha trekta huku Masindi na Kiryandongo, mkikabidhiwa ufunguo ulizeni kwanza: klachi hii ni ya hatua ngapi? Massey Ferguson 135 mbili zinaweza kusimama pamoja, sura moja, klachi tofauti.

Yenye hatua moja, ukikanyaga pedali unakata magurudumu na PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, kwa pamoja. Hatari yake ni slasha, mashine ya kufyeka majani. Visu vizito havisimami papo hapo. Vinaendelea kuzunguka na kurudisha nguvu kwenye giya kupitia shafti, trekta ikasukumwa mbele na wewe umekanyaga klachi. Mbele kuna mtaro, shauri yako. Dawa ni kufunga kwenye PTO kifaa kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli: injini inazungusha visu, visu haviwezi kuzungusha giya.

Ya hatua mbili ndiyo tamu kwenye mabingobingo. Kanyaga nusu, trekta inasimama lakini slasha inaendelea kula majani yaliyoijaa. Kanyaga hadi chini, PTO nayo inakatika. Kwa hiyo kuingiza wenzo wa PTO ni lazima pedali ifike chini kabisa, usubiri kidogo, ndipo uvute. Meno yakilia hata hivyo, usilazimishe: sahani ya PTO haiachii, na makanika atarekebisha bolti zake kupitia kidirisha cha nyumba ya klachi. Na acheni kupumzisha mguu kwenye pedali, beringi inakufa bure.

Trekta mpya nyingi zina PTO inayojitegemea, yenye klachi yake ndani ya oili. Iwashe hiyo PTO injini ikiwa inazunguka taratibu, kisha panda hadi shafti ifike mizunguko 540 kwa dakika. Saa ya injini ina alama. Ukiiwasha PTO injini ikiwa na kasi kubwa, sahani za klachi yake zinaungua. Oili ikipungua zinateleza, na mashine ya kupukuchua mahindi inakosa nguvu hata kama injini inanguruma.

Wenzo wa 135 nyingi una nafasi ya tatu pia, ambapo PTO inafuata mwendo wa magurudumu. Trekta ikisimama, shafti inasimama. Wageni wengi hudhani klachi imekufa, kumbe wenzo tu.

Shafti ya 540 huwa na meno 6. Inazunguka mara 9 kila sekunde, kwa hiyo kanzu, shuka na kamba za viatu vikae mbali, na injini izimwe kabla ya kuzibua mashine. Bolti ya slasha ikikatika, weka ya aina ileile. Ukiweka ngumu zaidi, kitakachokatika ni giya.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta sahani ya klachi, beba ile ya zamani. Ya hatua mbili ina sahani mbili, na meno ya katikati hayalingani.