Buibui alinipotezea muhula, kiganja kikaniokoa

Nimejaribu njia kadhaa za kuwafundisha wanafunzi wangu kupanga insha kabla ya kuiandika; nianze na buibui. Nilitoka warshani moto, nimeambiwa mwanafunzi asiguse insha kabla ya kuchora buibui: mada tumboni, hoja miguuni. Nikanunua kalamu za rangi kwa pesa zangu, kama shilingi 600 hivi, ingawa mke wangu anasema zilizidi. Kidato cha Tatu, vichwa 52, wakachora buibui wa kutisha, wengine na macho na manyoya. Kijana mmoja alikuwa na hoja sita tu, na kwa kuwa buibui ana miguu minane, mguu wa saba akaandika "na kadhalika", wa nane "mwisho". Kisha wakafunua ukurasa mpya wakaandika insha nyingine kabisa.

Nikaja na jedwali la kujitathmini. Wote wakatia alama ya vyema kila mahali. Kuna aliyekubali kuwa "hitimisho langu linavutia" ilhali hajaandika hata kichwa. Sikumlaumu. Nani atajisema vibaya mbele ya mwalimu?

Kilichonitoa ni kijikaratasi. Kila mmoja anapewa methali yake ya kutungia insha ya kisa, anaificha, anaandika mistari minne ya kisa hicho: nani, anataka nini, anafanya nini, yanamfika yapi. Halafu anamsimulia jirani kwa mdomo, naye jirani abahatishe methali.

Binti mmoja aliangukiwa na "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Kisa chake: Juma hakanywi na mama yake, anaingilia bangi, anakamatwa, anafungwa. Jirani hakusita: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Binti akabisha, akamgeukia wa nyuma. Naye akasema guu. Akanijia amenuna: "Mwalimu, hawa hawajui methali."

Nikamuuliza, "Mwisho wa kisa chako analia nani?"

"Juma."

"Na kwenye methali?"

Kimya. Akarudi kitini, akafuta mstari wa nne, akaandika kwamba mama anauza shamba kumlipa wakili na kuishia kulala kwa majirani. Mara mstari wa kwanza nao ukamkataa, maana mhusika mkuu sasa alikuwa mama. Insha nzima imeponywa na hajaandika aya hata moja! Nakiri siku ile nilitembea ofisini kifua mbele.

Mwenzangu mmoja husema nawachezesha watoto, muda wa kupanga hakuna. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ni saa 1 na dakika 45, insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Toa dakika 7 za kupanga kila insha, bado zinabaki 91. Aliyepotoka hupoteza ngapi akigundua yuko ukurasa wa pili?

Kwa insha ya lazima, iwe barua, hotuba au ripoti, jirani habahatishi methali bali swali lenyewe. Akisema "madhara ya dawa za kulevya" na swali lilitaka namna ya kuyakomesha, basi mwandishi kashajijua.

Ila mtihani hauna jirani. Kwa hiyo baada ya wiki chache nawanyang'anya: mwanafunzi anaandika mistari yake minne, anafunika swali kwa kiganja, anajisomea na kujibahatishia mwenyewe. Mwanzoni walidanganyana na nafsi zao, wengine wakichungulia kati ya vidole.

Juzi nilimwona yule binti wa Juma, kiganja juu ya swali, midomo inacheza. Akatikisa kichwa, akaupiga mstari wa tatu mkwaju wa wino, akaanza upya.