Usiku Redio ya Nadi "Ilipoharibika"

Katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita, mwanamume wa Mji Mkongwe wa Unguja hakukosa mahali pa kwenda baada ya sala ya Isha. Wapo waliokaa barazani, wapo waliokwenda kwenye klabu za mpira, na waliopenda muziki walikuwa na nadi zao, yaani klabu za taarabu. Kongwe miongoni mwa nadi hizo ilikuwa Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905. Nadi ya baba yangu ilikuwa changa na ndogo zaidi, ikijitahidi kuiga taratibu za ile kubwa hata pale ambapo mfuko haukuruhusu. Sitaitaja jina, kwa kuwa watoto na wajukuu wa wanachama wake wangalipo, na si wote watakaoyafurahia haya ninayoyasimulia.

Nadi hiyo ilikodi ghorofa ya juu ya nyumba moja ya mtaa wa Kiponda. Kilikuwa chumba kirefu chenye dari ya boriti, kilichotandikwa mikeka na mazulia, na vyombo vya muziki vilihifadhiwa katika kabati ambalo ufunguo wake hakuushika mtu mwingine ila katibu. Waingereza walikuwa na klabu yao Shangani, katika jengo ambalo leo ni hoteli ya Africa House, nao waliitazama bahari. Sisi tulilitazama dirisha la jirani, na kichochoro kilichotutenga kilikuwa chembamba kiasi kwamba sahani ya kashata iliweza kupokewa kutoka ng'ambo kwa mkono bila mtu kushuka ngazi. Kashata nyingi zilivuka kwa njia hiyo, kwani nyumba ya pili ilikuwa yetu, na bibi yangu mzaa baba hakuamini kwamba wanaume wakiachiwa wenyewe wanaweza kupata cha kutafuna.

Mtu hakujiunga hivihivi. Alitakiwa adhaminiwe na wanachama wawili, jina lake lijadiliwe na kamati, kisha alipe kiingilio na ada ya kila mwezi. Katiba, iliyoandikwa kwa hati nzuri katika daftari la jalada jeusi, ilikataza ulevi, kelele na usengenyaji. Sharti hili la mwisho lilivunjwa kila usiku na wote, rais wa nadi akiwamo. Palikuwa na sharti jingine ambalo hakuna aliyelifanyia mzaha: "Siasa ibaki mlangoni pamoja na viatu." Sharti hilo lilikuwa na sababu yake. Wanachama wengi walikuwa makarani wa serikali, na tangu mwaka 1953 serikali ilikwisha kuwakataza watumishi wake kujiingiza katika mambo ya siasa. Mwaka uliofuata, viongozi wa Jumuiya ya Waarabu ya Unguja walipelekwa mahakamani na kutiwa hatiani kwa uchochezi kutokana na makala za gazeti la Al-Falaq. Baba yangu, karani wa forodha na mpiga fidla, alikuwa na watoto wa kulisha, na hofu yake haikuwa ya kubuni.

Pamoja na makarani walikuwamo wenye maduka, fundi saa mmoja, seremala aliyekarabati nyudi (vyombo vya muziki vya nyuzi, kila kimoja udi) za watu wote wa mjini, maalim wa chuo cha Kurani, na mzee mmoja aliyekuwa serahangi, yaani mnyapara wa mabaharia, katika meli za Waingereza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ndani ya chumba kile aliyekuwa mkubwa kazini hakuwa mkubwa wa mtu. Mwenye kauli alikuwa yule aliyelijua zaidi kanuni, chombo cha nyuzi, au nai, filimbi ya mwanzi. Wanawake hawakuwa wanachama. Mama yangu, shangazi zangu na majirani walikusanyika nyuma ya dirisha letu, taa imezimwa, wakasikia kila noti na kila neno, na asubuhi yake walijua mambo ya nadi kuliko mshika fedha.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikubaliwa kuingia kwa sababu ya utumishi. Nilipanga viatu mlangoni, nikachochea makaa ya dele la kahawa, nikazungusha vikombe na sahani ya halua. Ujira wangu ulikuwa halua iliyosalia, nayo haikuwa haba, maana wazee wengi hawakuwa na meno ya kuiweza.

Usiku uliotukuzwa kuliko yote ulikuwa wa Alkhamisi ya kwanza ya mwezi. Usiku huo redio ya Misri ilirusha tamasha la Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, kutoka Cairo, desturi iliyodumu tangu miaka ya thelathini, na Uarabuni kote, na hata kwetu pwani, watu walipanga shughuli zao kwa kuifuata. Kwa kawaida msimu wake ulianza miezi ya vuli na kukoma kiangazi kilipoingia huko kwao. Redio ya nadi, iliyokuwa kubwa, ya mbao, yenye taa ya kijani iliyojikaza ikishapata kituo sawasawa, iliwashwa mapema ili ipate moto, na waya wake ulipanda hadi paani. Watu walikuja na kanzu zilizopigwa pasi na kofia zilizofumwa upya. Chetezo kilipitishwa, mrashi ukafuata, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima bila mtu kukohoa ila kwenye mapumziko. Wengi wao hawakujua Kiarabu zaidi ya kile cha sala. Maalim alikaa karibu na redio na kufasiri kwa sauti ya chini, na nionavyo mimi aliongeza ya kwake, kwa sababu mashairi aliyoyafasiri yeye yalikuwa na bahari na minazi mingi mno.

Alkhamisi ya kwanza ya Novemba 1956 iliangukia tarehe mosi. Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, alikuwa ameutaifisha mfereji wa Suez tangu tarehe 26 Julai. Jumatatu ya wiki ile, tarehe 29 Oktoba, majeshi ya Israel yaliingia Sinai, na usiku wa Jumatano ndege za Uingereza na Ufaransa zilianza kuvishambulia viwanja vya ndege vya Misri. Kwetu Unguja Sultani alikuwa Seyyid Khalifa bin Harub, lakini aliyetawala hasa alikuwa Mwingereza, na ni huyohuyo Mwingereza aliyekuwa akiipiga Cairo kwa mabomu. Hakuna aliyelisema jambo hilo alipokuwa akivua viatu. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakasifu mvua ya vuli iliyokuwa ikinyesha. Hata hivyo idadi yao ilizidi ile ya Alkhamisi nyingine yoyote niliyoikumbuka, na hakuna aliyeuliza kama Umm Kulthum angeimba.

Redio iliposhika moto, muziki wa tamasha haukutoka. Zilitoka ngoma za jeshi, kisha mtangazaji aliyesema kwa kasi na kwa sauti kavu, kisha ngoma tena. Maalim alifungua kinywa afasiri, na rais wa nadi, karani mkuu wa idara moja ya serikali, akanyanyua mkono.

"Mabwana," alisema, "tulikuja kusikiliza muziki. Huu si muziki."

"Ni muziki wa aina yake, Bwana Rais," alijibu mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyeketi kwenye swichi.

"Wewe mwajiri wako ni mkeo. Sisi wengine tunakula mshahara wa serikali. Kesho ikisemwa kwamba makarani walikusanyika kumsikiliza Nasser, tutajibu nini?"

Palitokea mabishano ya adabu sana, ya "kwa hisani yako" na "naomba radhi kukukatiza", ambayo kwa watu wale yalikuwa makali kuliko matusi. Wenye maduka walisema redio ilinunuliwa kwa ada za wote, kwa hiyo haiwezi kuzimwa kwa hofu ya baadhi. Makarani walisema hofu hiyo nayo inalipa ada. Ikasomwa katiba. Ikaonekana kwamba katiba ilikataza siasa ndani ya nadi, wala haikusema lolote juu ya nje. Basi rais, mtu niliyemstahi kwa utulivu wake na ninayemstahi zaidi kila nikiukumbuka usiku ule, alisimama akachukua mwavuli wake na kutamka kwamba yeye anashuka kupunga upepo barazani, na mwenye kutaka kupunga upepo amfuate. Makarani wote walishuka. Baba yangu alikuwa wa mwisho, na alipopita alininong'oneza nisisahau kuwapelekea kahawa.

Kwa hiyo watu wazima wenye makoti juu ya kanzu walijibanza kwenye baraza ya mawe chini ya mvua, miavuli ikigongana, huku dirisha la juu yao limeachwa wazi kwa makusudi na redio imeongezwa sauti. Maalim alihamia dirishani. Hakuwa mtumishi wa serikali, naye alifasiri akiwa amegeukia nje, kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa, ili kama kesho ingeulizwa, makarani waweze kuapa kwamba hawakuisikiliza redio bali walimsikia Maalim akizungumza dirishani. Mvua ilileta mikwaruzo mingi, na palipokuwa na mikwaruzo Maalim hakusita. Aliziba pengo kwa aliyoyakisia. Usiku ule hapakuwa na minazi katika tafsiri yake.

Ikawa nikishuka na vikombe vya kahawa nakuta wote wamenyamaza wakitazama juu, na ndipo dirisha letu lilipofunguliwa na bibi akatokeza kichwa chake.

"Mwanangu," alimwita baba mbele ya wakubwa zake, "mmefukuzwa huko juu?"

"Hapana, mama. Tunapunga upepo."

"Upepo wa mvua? Na Bwana Mkubwa naye anapunga?" Kisha, bila kungoja jibu, alimgeukia Maalim: "Sema kwa nguvu, Maalim, hawa wa chini kwa mvua hii hawasikii, na sisi wa huku hatusikii pia!"

Kicheko kilitoka katika madirisha ambayo hatukujua kama yalikuwa na watu. Mtaa mzima ulikuwa umekaa gizani ukisikiliza. Rais alicheka kuliko wote, akakunja mwavuli wake, na baada ya hapo hakuna aliyejifanya tena.

Juu, mzee serahangi alikuwa na shughuli yake. Alikwisha kuupita mfereji ule mara nyingi, naye hakuridhishwa na namna wenye maduka walivyouzungumza kana kwamba ni mtaro. Aliunyoosha uzi wa tasbihi yake juu ya mkeka, akataka vikombe vyangu vitupu, akavipanga kuwa meli. Huku Port Said, huku Suez, kati yake takriban maili mia moja. Hapa katikati ni Ziwa Chungu Kubwa, ambapo msafara wa meli hutia nanga kuupisha msafara unaotoka upande wa pili, kwa sababu mahali penye wembamba meli kubwa haziwezi kupishana. Alieleza jinsi rubani wa mfereji anavyopanda, jinsi meli inavyolazimika kwenda polepole ili mawimbi yake yasizibomoe kingo, na jinsi mtu akiwa juu ya sitaha huona mchanga pande zote mbili akadhani chombo kinatembea nchi kavu. "Zamisha meli hapa na hapa," alisema akivilaza vikombe viwili, "na Ulaya yote itazunguka Rasi ya Tumaini Jema." Siku zile Misri ilifanya hilohilo, mfereji ulizibwa kwa vyombo vilivyozamishwa na haukufunguliwa hadi Aprili mwaka uliofuata. Baba aliyaona makaratasi ya shehena za Ulaya yakichelewa kufika mezani pake, akamkumbuka mzee na vikombe vyake.

Usiku ulipokomaa, mtangazaji akawa anayarudia yaleyale, na redio ikazimwa. Makarani wakapanda juu wakiwa wameloa. Walikataza siasa, lakini muziki haukukatazwa na mtu, na vyombo vilitolewa kabatini. Walipiga bashraf, muziki wa vyombo usio na maneno, ya Kimisri waliyokuwa wakijifunza kwa miezi na ambayo, kusema haki, hawakuwa wameimudu. Fidla ya baba ilikuwa nyuma ya wenzake kidogo, kama ilivyokuwa daima. Walipomaliza Maalim aliwaomba wasome Fatiha kwa ajili ya waliokufa siku ile, na hapo rais hakunyanyua mkono.

Kabla ya watu kutawanyika, kamati ilikaa kwa dakika chache kando ya kabati. Ilikubaliwa kwamba endapo mtu ataulizwa, jibu liwe moja: redio iliharibika kwa mvua, wanachama wakafanya mazoezi. Katibu akaandika hivyo katika daftari. Kesho yake, Ijumaa, mitambo ya redio ya Cairo ilipigwa mabomu na sauti ile ikakatika kwa kweli, ikabidi redio ya Damascus, Syria, itangaze kwa niaba ya Cairo. Wale walioulizana mitaani "Redio yenu imepona?" walikuwa wakiulizia habari nyingine kabisa, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa wale ambao hawakutakiwa kulijua.

Wiki iliyofuata, mkubwa wa baba kazini, Mwingereza aliyependa muziki na ambaye nadhani hakuwa na hila yoyote, alimwambia amesikia kwamba redio ya klabu yao imeharibika. Baba alikiri kwamba ndivyo. Basi Mwingereza yule akasema ana fundi hodari, Mgoa, na kwamba kesho angemtuma aje kuichukua. Hapakuwa na njia ya kukataa. Redio nzima, isiyo na ila yoyote, ilishushwa ngazi zote zile na hamali, ikapelekwa kwa fundi, ikafunguliwa, ikapulizwa vumbi, na kurudishwa baada ya siku chache pamoja na hati ya malipo. Katibu aliandika matumizi hayo katika daftari kwa hati nzuri kama kawaida, na mshika fedha, aliyekuwa mwenye duka na ambaye tangu mwanzo hakuona sababu ya mtu kushuka barazani, aliendelea kuzidai fedha hizo kwa makarani hadi Ramadhani ilipoandama.