Wiki Moja Edale na Mama, Bila Gari

Mama alikuwa amekaa kwangu Leicester siku tisa aliponiuliza swali ambalo sikulitegemea. Alikuja kutoka Tanga mwezi Juni 2025, na kufikia wakati huo nilikuwa nimeshampeleka msikitini, sokoni na katika nyumba za jamaa zetu wote. Asubuhi hiyo alikuwa dirishani akitazama magari yanavyopita, akaniambia, "Mwanangu, hawa Waingereza wanaolima na kufuga wanaishi wapi, mbona siwaoni?" Nilikuwa na likizo ya wiki moja, sina gari, na mama ana umri wa miaka 68 na magoti yanayomsumbua anapopanda ngazi. Nikaamua kutafuta kijiji kimoja ambacho tungekifanya makao yetu, tukitoka asubuhi na kurudi jioni kwenye kitanda kilekile, kwa sababu kumhamisha mzee na mizigo kila baada ya siku mbili ni kumchosha tu.

Rafiki zangu walinitajia vijiji vya Cotswolds, ambavyo kwa hakika vinapendeza, lakini vingi vyao havifikiki kwa urahisi na mtu asiye na gari. Mimi nilijiwekea sharti moja ambalo sikutaka kulilegeza: kijiji kiwe na kituo cha treni ambacho mama anaweza kukifikia kwa miguu yake mwenyewe. Sharti hilo lilinifikisha Edale, katika bonde la milima ya Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ambayo ndiyo ya kwanza kutangazwa nchini Uingereza, mwaka 1951. Reli inayounganisha Sheffield na Manchester inapita hapo, kwa hiyo kijiji kina miji miwili mikubwa, mmoja kila upande, ilhali chenyewe kina barabara moja nyembamba, kanisa, baa mbili zinazopika chakula, na mashamba.

Kabla ya kuondoka nilinunua kadi ya punguzo ya treni ya watu wawili wanaosafiri pamoja, kwa pauni 35. Kadi hiyo hudumu mwaka mzima na hupunguza theluthi moja ya nauli, ila siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Sharti hilo halikutuudhi hata kidogo, kwa kuwa mama hapendi kuharakishwa asubuhi. Nilifungasha pia nyama ya halali niliyoigandisha, nikaiweka katika mfuko wa kutunza baridi, pamoja na mchele, maharage, nazi ya kopo na viungo vyetu. Nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu Edale hakuna supamaketi, na tulipowasili jioni ya Jumapili hapakuwa na duka lolote lililokuwa wazi. Jambo ambalo sikuliandaa ni simu: ndani ya nyumba tuliyopanga mtandao ulikuwa ukipatikana na kupotea, na ratiba zote za mabasi nilikuwa nimezihifadhi katika intaneti. Usiku huohuo nilitoka nje, nikasimama barabarani mpaka nikazipata, nikazinakili kwa kalamu kwenye daftari. Daftari hilo ndilo lililotuongoza wiki nzima.

Safari ya kufika ina jambo moja ambalo mama analisimulia hadi leo. Ukitoka Sheffield, treni inaingia katika handaki la Totley, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, na kwa dakika kadhaa huoni chochote ila sura yako kwenye kioo. Unapotokea upande wa pili, mji umekwisha kabisa. Kuna miteremko ya kijani, kuta za mawe zinazopanda hadi juu milimani, na kondoo. Mama alisema, "Kumbe wamewaficha huku."

Kuta hizo alizichunguza kesho yake kwa makini ya mtu aliyekulia katika nyumba ya matumbawe na chokaa. Hazina saruji wala udongo. Jiwe limepangwa juu ya jiwe, pande mbili zikiegemeana, na katikati vimejazwa vipande vidogo. Kitu kilichomshangaza zaidi ni njia. Uingereza kuna njia za miguu za umma ambazo hupita katikati ya mashamba ya watu binafsi, na mpita njia ana haki ya kisheria ya kuzitumia ili mradi asitoke nje ya njia na afunge kila lango analolifungua. Juu ya kijiji upo mlima wa Kinder Scout, wenye urefu wa mita 636, ambao zamani ulizuiwa kwa ajili ya matajiri waliowinda ndege huko. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield, waliupanda bila ruhusa, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa na njia za miguu ilikuja mwaka 1949. Sisi hatukupanda mlima, lakini kila nilipomfungulia mama lango la shamba la mtu nisiyemjua, niliwakumbuka vijana wale.

Tulikubaliana mapema kwamba tutatoka siku moja na kupumzika siku inayofuata. Huu ndio uamuzi ninaoujivunia kuliko mwingine wowote. Ningekuwa peke yangu ningejaza kila siku, na ningerudi Leicester nikiwa nimeuona mkoa mzima isipokuwa kijiji nilicholala. Siku za kupumzika tulitembea taratibu hadi kwenye vitongoji vya bondeni, ambavyo karibu vyote majina yao huishia na neno Booth, lenye maana ya vibanda, kwa kuwa karne nyingi zilizopita ndiko wachungaji walikojenga vibanda vyao. Mchana wa Juni huko ni mrefu kupita kiasi. Magharibi tuliisali saa tatu na dakika arobaini usiku, na baada ya hapo bado mbingu ilikuwa na mwanga.

Matembezi ya kwanza yalikuwa Castleton. Tulipanda treni hadi Hope, kituo kinachofuata, kisha basi. Nauli ya basi kwa safari moja wakati huo haikuruhusiwa kuzidi pauni 3. Castleton kuna mapango manne yanayotembelewa na wageni, na nililazimika kuchagua kwa kuzingatia magoti ya mama. Pango la Speedwell lina ngazi 105 za kushuka, ambazo baadaye lazima uzipande, kwa hiyo nikaliacha. Nilichagua Peak Cavern, ambalo njia yake ni ya kutembea kwa sehemu kubwa, ingawa kuna mahali ambapo kila mtu huinama. Mama hakuwa na shauku kubwa, kwa sababu mtu wa Tanga aliyeyaona mapango ya Amboni tangu shuleni si rahisi kumstaajabisha kwa mwamba wa chokaa. Lakini mdomo wa pango hilo ni mpana kiasi kwamba kwa zaidi ya miaka 400 watu waliishi na kufanya kazi humo, na kazi yao ilikuwa kusokota kamba. Msokotaji wa mwisho aliacha kazi mwaka 1974.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, na mama alikua akiziona nyuzi za katani zikianikwa juani. Mwongoza wageni alipoonyesha jinsi nyuzi zilivyofungwa kwenye kulabu, mmoja akizungusha gurudumu na mwingine akirudi nyuma huku nyuzi zikijisokota, mama alisogea mbele, akaishika kamba ile, akaipima kwa vidole, akaniambia nimwambie kijana yule kwamba imelegea. Nilitafsiri kwa haya kidogo. Kijana hakukasirika, alimuuliza amejuaje, na kwa dakika kumi hivi kundi zima la wageni lilimsikiliza mama akieleza, kupitia kwangu, jinsi jani la mkonge linavyokatwa, linavyokwanguliwa mpaka nyuzi zibaki, na linavyochoma mikono ya wakataji. Pangoni walitumia nyuzi za mmea mwingine, na wanunuzi wao wakuu walikuwa wachimbaji wa madini ya risasi wa milima hiyo, lakini mwendo wa mikono ni uleule.

Tulipotoka, basi la kurudi halikuja. Tulingoja kituoni hadi muda wake ulipopita kwa dakika 40, manyunyu yakaanza, na simu yangu ikaonyesha mtandao hafifu. Niliingia katika duka la chai, mwenye duka akatuitia teksi kwa simu yake ya mezani, na nikachukua namba ya dereva huyo na kuiandika daftarini. Kuanzia hapo sikuondoka mahali popote bila kuhakikisha kwamba nina njia ya pili ya kurudi.

Dereva yuleyule ndiye aliyetuchukua siku mbili baadaye kutoka kituo cha Hathersage hadi Eyam. Kwa mtazamo wangu, msafiri mwenye nafasi ya siku moja tu katika bonde hilo aitumie Eyam. Mwaka 1665 tauni ilifika hapo kutoka London, inasimuliwa kuwa ilikuja na viroboto waliokuwa ndani ya kitambaa alichoagiza mshonaji. Kiangazi cha mwaka uliofuata kasisi kijana, William Mompesson, na mtangulizi wake, Thomas Stanley, waliwashawishi wanakijiji wajifungie wasitoke, ili ugonjwa usivifikie vijiji vya jirani. Watu wa nje waliwaletea chakula mpakani, na wao waliacha sarafu katika matundu ya jiwe yaliyojazwa siki ili kuzisafisha. Kwa hesabu inayotajwa kijijini, watu 260 walikufa, akiwamo Catherine, mke wa kasisi, ambaye kaburi lake lipo uani kwa kanisa. Mwanamke mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumba zimewekewa vibao vyenye majina ya waliofia humo, na ndani bado watu wanaishi, mapazia yamefungwa vizuri, maua dirishani. Nilimsomea mama kibao kimoja baada ya kingine mpaka akaniomba ninyamaze. Yeye anaukumbuka ugonjwa wa kipindupindu na karantini zake, na tulimpoteza mjomba mwaka 2021. Alikaa kwenye benchi la kanisa akawaombea kwa sauti ya chini, kisha akasema yuko tayari kurudi nyumbani, na kwa "nyumbani" alimaanisha Edale.

Manchester tulikwenda Ijumaa, chini ya saa moja kwa treni, na huko nilikuwa na jambo langu mwenyewe. Nje kidogo ya katikati ya jiji, karibu na Oxford Road, imebaki sehemu ya mbele ya jengo lililokuwa ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock, na ukutani pana bamba la ukumbusho. Hapo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, mwezi Oktoba 1945, na miongoni mwa waliohudhuria walikuwa wanaharakati George Padmore na W. E. B. Du Bois, pamoja na Kwame Nkrumah, Hastings Banda na Jomo Kenyatta, waliokuja kuwa marais wa Ghana, Malawi na Kenya. Nilimweleza mama kwamba Kenyatta miaka ya vita aliishi Storrington, kijiji cha kusini mwa Uingereza, akifanya kazi ya shamba. Alifikiri kidogo, akauliza kama na yeye alifuga kondoo. Kisha tulipiga picha, tukala wali katika mgahawa wa halali, tukawahi treni ya saa kumi.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimepanga tupande treni ya saa nne asubuhi. Tukiwa njiani na mabegi, tulimkuta mkulima jirani akiwanyoa kondoo wake manyoya katika zizi la kando ya barabara, mashine ikinguruma, na sufu ikitoka nzimanzima kama shuka. Mama aliweka mkoba wake juu ya ukuta wa mawe. Alitaka kujua zile alama za rangi mgongoni ni za nini, na mkulima alipoeleza kwamba kila mwenye mali ana alama yake kwa sababu mlimani makundi huchanganyika, mama alimwambia kwamba kwetu mbuzi huchanjwa masikio kwa sababu hiyohiyo. Yule mzee aliizima mashine ili asikie vizuri. Nilisimama katikati nikitafsiri huku na huku, nikaisikia treni yetu ikiingia kituoni bondeni, ikaondoka, nami sikumkatiza yeyote, kwa kuwa daftari lilikuwa limeniambia nyingine ipo saa tano.