Faili la nyumba liko kwa nani? Nilivyopanga hati za XML za ukarabati Lamu

Ofisi yetu iko mtaa wa Mkomani, na kazi yake ni kuwaandalia wenye nyumba za zamani makaratasi ya ukarabati. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko haikarabatiwi kwa kukisia. Mpimaji hupima, fundi mkuu hutoa makisio, mchoraji huchora, mhasibu hupiga hesabu, kisha faili hutoka kwenda kuombewa kibali na hurudi na maswali. Bibi mwenye nyumba akija kuuliza, "Mwanangu, faili langu liko kwa nani?", jibu lilitegemea nani yuko ofisini.

Wenzangu walitaka jedwali la kawaida, safu moja kwa kila nyumba. Jedwali linafaa kwa orodha, lakini nyumba ya Lamu si orodha: ina ghorofa, ndani ya ghorofa mna vyumba, ndani ya chumba mna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na boriti, na kila boriti ina hali yake. XML, yaani namna ya kuandika taarifa kwa alama zinazofungua na kufunga kila sehemu, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Februari 1998, inaruhusu kitu kukaa ndani ya kitu bila kikomo. Tena ni maandishi matupu. Mpimaji akiwa kijijini Matondoni bila mtandao anaifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, anaibeba kwenye flashi, na umeme ukikatika hakuna seva ya kulilia.

Kabla ya kuandika alama hata moja, nilimwendea kila mmoja na swali lilelile: ukipokea faili, unatazama nini kwanza? Fundi mkuu hutazama urefu wa boriti, kwa sababu ndio unaoamua upana wa chumba. Mhasibu hajali vyumba kabisa. Anataka kiasi cha chokaa na jina la aliyethibitisha. Majibu hayo yakawa ndiyo skima, yaani kanuni za nini kinaruhusiwa ndani ya hati. Kitu ambacho hakuna aliyekitazama hakikuingia, hata kama kilikuwa kwenye fomu za zamani.

Hati niliigawa sehemu tatu: nyumba, kazi na historia. Sehemu ya nyumba husema mambo ya kuta na paa tu. Haijui faili liko wapi. Mgawanyo huu ndio ninaousisitiza kuliko yote, maana ukichanganya hali ya ukuta na hali ya ombi, kila utaratibu wa ofisi ukibadilika utalazimika kufumua maelezo ya nyumba ambayo hayajabadilika.

Hati nzima sikuipa elementi (sehemu yenye alama yake) moja ya "hali". Hilo ndilo wazo la kwanza la kila mtu, na linaonekana safi mpaka watu wawili wafanye kazi kwa wakati mmoja. Mchoraji anaendelea na milango huku mhasibu anasubiri bei ya boriti. Je, hati "inachorwa" au "inasubiri"? Kwa hiyo kila kazi ina hali yake: haijaanza, inaendelea, imesimama, imefungwa. Skima haikubali neno la tano. Na kazi hupewa cheo, si mtu. Watu husafiri, huoza binti zao, na wakati wa Maulidi ofisi hubaki na nusu ya watu. "Mpimaji" yupo siku zote.

Mpangilio wa nani anamfuata nani niliuweka kwenye faili jingine kabisa, kwa sababu kazi ya paa haipiti njia moja na kazi ya mlango wa nakshi.

Historia haifutwi. Kila tukio huongezwa chini, na tarehe na saa kwa mtindo wa kimataifa, 09:00 ikifuatwa na +03:00, tofauti ya saa za Kenya na saa za kimataifa. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, bila shaka. Hati huhifadhi 09:00, na XSLT, lugha ya kugeuza XML kuwa umbo jingine, inayotengeneza ukurasa wa kusoma ndiyo inayotoa sita. Picha za nyufa nazo hukaa nje ya hati. Ndani mna njia ya kuzifikia tu, kwani picha ikigeuzwa kuwa maandishi huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi.

XSD, lugha niliyoandikia skima, hukagua umbo: tarehe ni tarehe, urefu ni namba. Lakini sharti kama "mhasibu asifunge kazi yake kabla fundi hajafunga makisio" XSD 1.0 haiwezi kulieleza. Toleo la 1.1 la 2012 linaweza, ila programu huria tunayotumia hailiungi mkono, hivyo nikaongeza Schematron, lugha nyingine ya kuandikia masharti ya hati. Nimeipenda kwa jambo dogo: ujumbe wa kosa unauandika mwenyewe. Badala ya mstari wa kiufundi, mtu husoma, "Subiri, fundi hajafunga makisio ya chokaa."

XML yenyewe haimkumbushi mtu chochote. Kila asubuhi skripti fupi hupita kwenye folda, hukusanya kazi zilizo wazi kwa kila cheo na kuchapa orodha. Karatasi hiyo hubandikwa mlangoni, na bibi mwenye nyumba naye huisoma.

Fundi mkuu hana haja na kompyuta, na sikumlazimisha. XSLT nyingine humchapia ukurasa wa vipimo wenye nafasi tupu. Anaujaza kwa kalamu akiwa juu ya dari, halafu kijana wa ofisini anaingiza. Ndiyo maana kila tukio kwenye historia lina atributi (sifa zinazoandikwa ndani ya alama) mbili, "aliyeamua" na "aliyeingiza". Mhasibu aliona ni urefu usio na maana, mpaka siku makisio ya boriti yalipobishaniwa na tukataka kujua kama namba ile ni ya fundi au ya kidole kilichoteleza kwenye kibodi. Tukaivuta karatasi ya kalamu, tukalinganisha.