Nilivyoanza sparing ya taichi baada ya kuambiwa haihitajiki

Mwaka na nusu nzima aliyekuwa ananifundisha aliniambia taichi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina, haina haja ya sparing, yaani kupigana na mwenzio kwa mazoezi, eti piga fomu zako (ile mifuatano ya miondoko) polepole kila asubuhi, siku ukivamiwa nguvu ya ndani itatoka yenyewe. Nikamwamini. Sasa siku hiyo Magomeni rafiki yangu bondia akaniambia kaka hebu tuvae glavu tucheze taratibu, ngumi yake ya kwanza ya kushoto tu ikanikuta mabega yangu juu, pumzi nimeibana, ya pili hata sikuiona. Fomu yote ilipotea kichwani. Inaniuma mpaka leo, maana hii kitu ni ya mapigano kabisa, Yang Luchan, mwalimu wa zamani wa taichi, alijifunza kijijini Chenjiagou huko Henan akaenda Beijing akafundisha mpaka walinzi wa mfalme, wale walitaka kunyoosha mgongo tu kweli?

Nikampata mzee mmoja anafanya mazoezi ufukweni Coco alfajiri, akanianzisha na tuishou, yaani mnasimama mmegusana mikono mnasukumana, anayehamisha mguu kapoteza. Kuna peng (kupokea nguvu kwa mikono iliyojaa bila kukaza), lu (kuipitisha pembeni), ji (kubana kwenda mbele) na an (kusukuma kwa viganja). Peng ndo iliyonitesa. Nikikaza mikono nimempa mpini, ananishikia hapo hapo ananing'oa, nikilegea nasukumwa kifua. Miezi 3 hivi nadondoka mchangani.

Kilichonifungua ni bahari. Mzee akasema mdogo wangu ingia maji ya kiunoni, lipe wimbi kifua, simama. Aisee. Ukikaza linakubeba mzima mzima kama ubao, ukilegea hovyo miguu inaondoka, na maji yakiwa yanajaa hupewi nafasi ya kupumua, nimekunywa chumvi asubuhi nyingi sana. Mpaka siku moja nimechoka hata kubishana na maji siwezi, nikaacha kiuno kikae, magoti laini, mikono mbele imejaa tu bila kukaza, wimbi likapiga nikalisikia linashuka mgongoni mpaka kwenye nyayo, nyonga ikageuka yenyewe, likapita pembeni. Nimesimama pale pale! Nilipiga kelele peke yangu. Tulivyorudi mchangani mzee akanisukuma, mkono wake ukateleza ubavuni, akasema hapo sasa, umepokea kwa peng umepitisha kwa lu.

Ndo tukaingia sparing. Mmoja anarusha ngumi ya moja kwa moja tu, nusu kasi, mwingine lazima auguse mkono kwanza ndo arudishe. Usikubali kasi kamili mapema, unarudi kukakamaa. Glavu chukua za vidole wazi, zile nene za ndondi huwezi kusikia mkono wa mwenzio, zangu nilizipata Kariakoo kwa kama shilingi 30,000 na kitu. Na kinga ya meno usiache.

Juzi nimerudi Magomeni, raundi 3. Amenipiga ndio, ila ile kushoto yake niliidaka kwenye kifundo cha mkono, nikageuza kiuno, akanipita mpaka ukutani. Akauliza kaka hiyo umefanyaje? Nikamwambia Jumapili njoo Coco na kaptula.