Sifuri zimezidi kidogo

Niliandika kwenye Wikipedia kwamba sayari ya Mshtarii iko umbali wa kilomita bilioni 778 kutoka kwenye Jua. Bilioni. Namba sahihi ni milioni 778, na mi nilikuwa najua ni milioni, nilikuwa nimeisoma muda huohuo kwenye dirisha la pembeni, ila vidole vikaandika bilioni nikabonyeza hifadhi nikaenda kulala na raha zangu kama mtu aliyefanya jambo la maana. Ikakaa hivyo miezi mitatu. Miezi mitatu nzima sayari ya watu nimeisukuma huko nje zaidi ya mara 170 ya umbali wa Neptuni, na kwenye historia ya ukurasa jina langu limesimama palepale, hakuna wa kumsingizia.

Siku moja nafungua orodha ya kurasa ninazozifuatilia nakuta kuna mtu kapita. Pembeni ya jina lake pana mabano, ndani ya mabano kuna sifuri. Kwa asiyejua, kila ukihariri Wikipedia mashine inahesabu umeongeza au umepunguza baiti ngapi, yaani karibu sawa na herufi ngapi, ukiongeza namba inakuwa ya kijani, ukipunguza inakuwa nyekundu, na kama hujaongeza wala hujapunguza unapewa sifuri ya kijivu ambayo jicho linairuka tu. Yeye alitoa b akaweka m. Basi. Na kwenye ule mstari wa muhtasari ambao wengi wetu tunauacha mtupu akaandika maneno matatu: "sifuri zimezidi kidogo".

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Maana angeweza kuandika "kosa kubwa", angeweza kuja kwenye ukurasa wangu wa majadiliano akanipa somo la astronomia mbele za watu, na angekuwa na haki kabisa, lakini akachagua kuning'ong'a kidogo pembeni, mzaha ambao mtu pekee angeuelewa ni yule aliyekosea.

Huyu nitamwita Koma, kwa sababu nilipofungua orodha ya michango yake nikakuta nusu ni koma. Anaweka koma, anatoa koma, anatenganisha maneno yaliyogandana, anabadilisha "hivo" kuwa "hivyo". Sijui jina lake halisi, sijui umri wake, sijui mwanamke au mwanaume, na hapo Kiswahili kimenisaidia sana, yeye ni yeye na maisha yanaendelea.

Nikabonyeza kitufe cha shukrani. Hiki kitufe kilianza 2013 na ni kidogo mno, kiko kwenye historia ya ukurasa pembeni ya kila badiliko, ukikibonyeza mwenzako anapata arifa kwamba fulani amekushukuru kwa hariri yako ya ukurasa fulani. Hakuna maneno. Lakini kuna kitu kimoja kuhusu hiki kitufe ambacho watu wengi hawakijui na mimi ndo kinanifurahisha kuliko vyote: ipo kumbukumbu ya wazi ya shukrani, mtu yeyote anaweza kuifungua akaona nani kamshukuru nani na saa ngapi, ila haionyeshi kwa hariri ipi. Hiyo mnabaki nayo wawili. Kila kitu kingine kwenye Wikipedia kiko uchi, kila ulichoandika, ulichofuta, ulichobishania 2011 ukiwa na hasira, vyote vipo na vina tarehe, halafu katikati ya huo uwazi wote kuna kasiri kadogo ka watu wawili.

Siku mbili baadaye arifa ikalia. Koma amenishukuru. Nikaenda kuangalia ni kwa lipi nikijua lazima ni ile makala ndefu niliyokesha nayo wiki nzima, kumbe siyo. Ni linki moja iliyokufa niliyoibadilisha kwenye makala ambayo nina hakika hakuna binadamu aliyeisoma mwaka ule. Aisee. Sikuwahi kumwambia mtu kuhusu ile linki. Utamwambia nani? Unaanzaje hata, "jana usiku nimetafuta dakika arobaini na tano anwani mpya ya taarifa ya zamani ili tanbihi namba 6 ifunguke"? Nyumbani watakuangalia tu.

Hapo ndipo ilipo hii kazi kwa kweli. Wikipedia ipo tangu 2001, ya Kiswahili tangu 2003, na ukiwauliza watu mtaani watakwambia imeandikwa na "wao". Hao wao ndo sisi, watu wa kujitolea, hatulipwi, jina halitokei juu ya makala, na ukifanya vizuri matokeo yake ni kwamba msomaji hashtuki, anasoma anaondoka. Koma iliyokaa mahali pake haionekani. Kwa hiyo anayeweza kuona ulichofanya ni mwenzako tu, yule ambaye naye alishawahi kutafuta tanbihi usiku, na wala simsemi msomaji vibaya kwa hili, mimi mwenyewe kabla sijaanza nilisoma miaka na miaka bila kujiuliza hata mara moja.

Sasa kuna nyota. Wenyewe wanaziita banstaa, jina limetoka kwenye zile nyota za mapambo zinazotundikwa kwenye maghala ya wakulima Marekani, na wazo lilianzia kwenye tovuti nyingine ya kuhaririwa na wote inaitwa MeatballWiki mwaka 2003 kabla halijahamia Wikipedia. Mtu yeyote anaweza kumpa yeyote, hakuna kamati, unaichagua, unaandika sababu, unaibandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mwenzako. Kuanzia 2011 kukawa na njia ya haraka zaidi ya kutumiana mapenzi, bonyeza tu, mtumie mtu picha ya paka mdogo, bia, kipande cha keki. Ukiangalia kwa mbali ni mambo ya watoto. Ila watafiti wawili, Restivo na van de Rijt, 2012 walitoa jaribio lao ambapo walichukua wahariri kutoka ile asilimia 1 inayofanya kazi kuliko wote, baadhi yao wakawapa nyota, wengine wakawaacha bila kitu, na waliopewa uzalishaji wao ukapanda kwa asilimia 60. Kwa picha ya nyota! Na kwenye Wikipedia ya Kijerumani mtafiti Jana Gallus naye akajaribu kwa wageni, wale wanaoanza, waliopewa tuzo ya jina tu wakaongeza kubaki kwa asilimia 20 mwezi uliofuata.

Naamini hizo namba, ila mimi naona nyota na nyota zinatofautiana. Ya kwanza niliyopata iliandikwa "kwa kazi nzuri", nikaishi nayo kwa furaha siku mbili, nikapiga skrinishoti, siku ya tatu nikapita kwenye kurasa za wengine nikakuta ileile, maneno yaleyale, dakika ileile karibu, tumepewa kama watu thelathini hivi. Sikumchukia aliyeitoa, nia yake nzuri, lakini ni kama zile salamu za mwaka mpya zinazotumwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu. Kazi ipi? Ungesema tu ipi. (Na mimi siyo malaika, siku yangu ya kwanza nilimjibu yule aliyeniwekea ujumbe wa karibu, aya tatu za shukrani, naeleza na nilivyovutiwa kujiunga, sikujua ule ni kiolezo, maneno yaliyoandaliwa tayari, kinabandikwa kwa kila mgeni. Aya tatu bado zipo. Hazifutiki.)

Basi nikaamua Koma nimpe nyota ya kweli, yenye sababu. Nikaandika vizuri, kwamba ni kwa Mshtarii, kwa zile koma mia nne za makala za mito, kwa kurekebisha bila kumdhalilisha mtu. Nikahifadhi. Sasa kwa haraka nikasahau mabano mawili ya kufungia kiolezo, nyota haikutokea, badala yake ukurasa wake ukaonyesha mabano, mistari ya kusimama, jina la faili la picha na hotuba yangu yote imechanganyikana humo kama nguo kwenye beseni. Sikuona, nilikuwa nimeshazima simu. Asubuhi nakuta Koma ameifunga mwenyewe ile mabano, yaani mtu amejitengenezea nyota yake, na chini ameandika: "Asante. Nimeongeza mbili za kufungia."

Tangu hapo tukawa marafiki, kama hiyo ndo inaitwa urafiki, maana hatujawahi kuulizana habari za nyumbani.

Ugomvi mkubwa niliowahi kupigana humo wala haukuwa na yeye, ulikuwa na mwingine, na chanzo ni Zohali. Wapo wanaoijua hiyo sayari kama Sarateni, mwenzangu alisoma hivyo na hakutaka kusikia lingine. Mimi nikamwambia Zohali ndo jina la zamani la hiyo sayari, limetoka Kiarabu, na kwa Kiarabu saratani ni kaa, ni lile kundi la nyota, huwezi kumpa sayari jina la kaa. Yeye akasema kama watu walishazoea kuliita hivyo basi ndo jina, kamusi inafuata watu. Nikarudisha. Akarudisha. Wikipedia ya Kiingereza ina sheria kabisa kwamba usirudishe nyuma ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, ila sisi tulichohitaji siyo sheria, tulihitaji kulala. Tukaenda kwenye majadiliano siku nne, tunarushiana vyanzo, na katikati ya hizo siku nne kuna kitu kikageuka bila mimi kukiona, nikajikuta namtafutia yeye ushahidi wa upande wake kwa sababu aliokuja nao ulikuwa dhaifu nikamwonea huruma. Naye siku ya nne akaniletea kitabu kinachoniunga mkono mimi. Mwisho Zohali likabaki juu na Sarateni likatajwa kwenye sentensi ya kwanza, na yule bwana (yeye amejiandika ni bwana) mpaka leo nikikwama na neno la nyota ndo wa kwanza kumuuliza.

Zipo heshima kubwa kubwa, sisemi hazipo. Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, alianza 2011 kutangaza mwanawikipedia wa mwaka kwenye Wikimania, mkutano wetu wa kila mwaka, 2020 akawa Sandister Tei wa Ghana na siku hiyo nilitembea kifua mbele kama nimeshinda mimi. Steven Pruitt wa Marekani, mwenye mamilioni ya hariri, jarida la Time lilimweka 2017 kati ya watu 25 wenye ushawishi mkubwa kwenye intaneti. Na kuna mnara, wa kweli kabisa, uko mji wa Słubice huko Poland tangu 2014, watu wanne wako uchi wamenyanyua juu lile dunia la vipande vya fumbo la nembo ya Wikipedia. Kila nikiona picha yake nawaza hao wanne wangekuwa ni sisi wangekuwa wanabishana nani anashika upande gani, na mmoja angekuwa kaweka chini mkono ili arekebishe koma kwenye kibao cha chini.

Kuhesabu hariri kwenyewe ni ugonjwa, nimeugua, naujua. Nilifika hatua nikawa nagawanya kazi moja iwe hariri tano ili namba ipande. Koma ana hariri chache kuliko mimi. Hilo lilinitibu kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Mwaka jana akapotea. Mwanzoni hujui kama mtu amepotea, unajua tu kwamba sifuri za kijivu zimepungua kwenye orodha yako. Wiki tatu, mwezi, miezi miwili. Nikafungua michango yake, ya mwisho ni koma kwenye makala ya mto, halafu hakuna. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza wana ukurasa wa kuwakumbuka wahariri waliofariki, nilishawahi kuupitia, na unachojifunza pale ni kwamba mara nyingi wenzao walichelewa sana kujua, maana nani atawaambia? Familia haijui hata kama kuna ukurasa wa kutoa taarifa. Nikaandika kwake "Upo?" nikafuta kabla sijahifadhi, nikaona ni kumuingilia. Kesho yake nikaandika tena nikahifadhi.

Hakujibu. Nikaanza kufanya vitu vya ajabu, nikawa napita kwenye zile makala zake za mito naangalia kama kuna aliyeharibu, navifuta vya wahuni, naandika muhtasari mzuri hata kama ni herufi moja, kama vile kuna mtu atasoma.

Mwezi wa tano tangu apotee, asubuhi, arifa. Ujumbe mpya kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Nikafungua nikiwa bado nimelala.

"Nipo. Nilikuwa na mambo. Zohali umeiachia miezi 146 ya kuizunguka, Machi 2025 ilifika 274."

Nikaamka nikaenda kurekebisha.