Kumbukumbu ya mradi: je, Sajini amebeba weusi?

Machi

Swali ni moja tu: Sajini, dume letu la farasi pale Njoro, anaweza kumpa jike letu Lami mtoto mweusi? Lami mwenyewe ni mweusi. Sajini ni wa kahawia, weusi wake uko kwenye miguu, singa na mkia basi. Wameshazaa watatu. Wawili wamefuata baba, na mmoja ni mwekundu mwili mzima, hana unywele mweusi hata wa dawa. Mjomba, mwenye farasi, anataka mweusi na hataki hadithi.

Aprili

Kabla ya hesabu kulikuwa na ubishi. Saisi wetu hakubali kwamba Lami ni mweusi.

"Mzee, si umwangalie?"

"Nimemwangalia kabla wewe hujajua farasi hula nini. Njoo Januari, utakuta ana rangi ya kutu."

Kutu ni kweli. Njoro iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na jua la kiangazi likichanganyika na jasho hubabua nywele za mgongoni na ncha za singa. Kwa hiyo tukamkagua puani, kuzunguka macho na kwenye kinena, kwa sababu farasi wa kahawia iliyokolea hujifichua hapo kwa wekundu hafifu. Lami ni mweusi kote huko. Saisi akasema aoshwe kwanza ndipo atoe uamuzi.

Mei

Weusi wa farasi hutegemea zaidi jeni mbili. MC1R ndiyo inayoruhusu rangi nyeusi itengenezwe. ASIP huamua itokee wapi. Nakala moja tu ya ASIP iliyo nzima, A, inatosha kuubana weusi miguuni na kwenye singa. Ili awe mweusi mwili mzima, farasi anahitaji a mbili, yaani nakala zilizokatika herufi 11 za DNA, kasoro iliyoelezwa mwaka 2001. Upande wa MC1R, nakala nzima ni E; mtoto akipokea e, ile iliyoharibika, kutoka kwa baba na mama, anatoka mwekundu. Hiyo ilijulikana tangu 1996.

Basi yule mwekundu ametupa habari nyingi bila shilingi moja: wazazi wote wawili ni Ee. Lami ni Ee aa, kwisha. Sajini ni Ee, ana A moja, na ya pili ndiyo inayotusumbua.

Ila mwekundu huyo haingii kwenye hesabu ya A. Hatengenezi weusi, kwa hiyo hata angepewa a na baba yake tusingeiona. Tunabaki na mashahidi wawili. Kama Sajini ni Aa, uwezekano wa wote wawili kutoka kahawia ni robo, na kwa robo siwezi kumhukumu dume. Akiwa Aa, kila mimba ina nafasi 3 kati ya 8 za kutoa mweusi. Akiwa AA, hakuna.

Julai

Lami ana mimba, lakini farasi hubeba kama miezi 11. Tena watoto weusi wengi huzaliwa na rangi ya panya, ukweli ukaonekana wakishapukutisha nywele za utotoni. Mjomba hana subira hiyo.

Tunapima. Maabara ya jenetiki ya UC Davis, Marekani, hupima kwa nywele za singa, mradi zing'olewe na mizizi yake, maana DNA iko kwenye mizizi. Saisi amezing'oa za Sajini peke yake. Za Lami ni kupoteza pesa. Jibu likirudi AA, nitaanza kuulizia dume Gilgil, kwa watu wa polo.